Marejeo ya APA 7 yanavurugika kwenye Zotero: majina yetu, taasisi na memwari

Ibanda_K (Bukavu)

Jambo wakubwa. Makala yetu juu ya uvuvi wa sambaza katika ziwa Kivu imerudishwa na sekretarieti ya jarida kabla haijafika kwa wahakiki. Imeandikwa kwa Kiingereza, mtindo wa marejeo wanaoutaka ni APA, toleo la 7, marejeo ni 64 na mengi ni ya Kifaransa. Tunatumia Zotero (programu ya kutunza na kupanga marejeo) na Word. Wanalalamikia haya: mwandishi mmoja anatokea kwa sura mbili katika orodha, Institut National de la Statistique imekuwa "Statistique, I. N. de la", kuna "s. d." (bila tarehe) na "Consulté le" (ilisomwa tarehe) katikati ya Kiingereza, na jina la samaki, *Limnothrissa miodon*, halina italiki. Nikisahihisha kwa mkono ndani ya Word, makosa yote yanarudi. Halafu kuna memwari (tasnifu za chuo) tatu za hapa Bukavu zisizo na DOI (namba ya kudumu ya andiko mtandaoni) wala anwani ya mtandao. Zinaandikwaje?

Katindo_2 (Goma)

Yanarudi kwa sababu orodha hiyo si maandishi ya kawaida. Kila Zotero inapoburudishwa huiandika upya kutoka kwenye maktaba yako, na ulichokigusa kwa mkono kinafutika. Sahihisha ndani ya maktaba, kisha rudi Word ubonyeze kitufe cha kuburudisha.

Taasisi ni kazi ya dakika moja. Kando ya jina la mwandishi kuna alama ndogo inayogeuza visanduku viwili, cha ukoo na cha jina, kuwa kimoja. Ibonyeze, uandike jina la taasisi moja kwa moja. Ikiwa taasisi hiyo hiyo ndiyo mchapishaji, futa kisanduku cha mchapishaji. APA haitaki jina lirudiwe.

"s. d." inatokana na lugha ya hati. Ndani ya Word fungua mapendeleo ya hati ya Zotero, pale pale unapochagua mtindo, ubadilishe Kifaransa kuwa Kiingereza cha Marekani. Lakini kabla ya kufurahi, tazama kila rejeo lililokuwa na "s. d.": mara nyingi mwaka upo kwenye jalada, ila haukuingizwa. Na tarehe ya kusoma ukurasa inabaki tu kwa kurasa zinazobadilika-badilika. Kwenye makala yenye DOI haina kazi.

Majina ndiyo yanayotusumbua sisi Wakongomani. Tuna jina, postnom (jina linalofuata lile la kwanza) na prénom (jina la ubatizo), na programu inajua sehemu mbili tu. Mfuate mwandishi alivyojiandika mwenyewe kwenye jalada. Isidore Ndaywel è Nziem: kisanduku cha ukoo kinachukua "Ndaywel è Nziem" yote, na Isidore anakaa peke yake. Ukidhani neno la mwisho ndilo ukoo, utapata "Nziem, I. N. è", mtu ambaye hayupo. V. Y. Mudimbe naye mwache hivyo hivyo, ukimwingiza kama Valentin-Yves, mtindo utatoa "V.-Y." yenye kistari, na kwa programu hao tayari ni watu wawili.

Dalili ya ugonjwa huo ni rahisi kuiona: ndani ya matini, badala ya (Mudimbe, 1988) unakuta (V. Y. Mudimbe, 1988). Herufi za mwanzo zikijitokeza hapo, huenda mahali fulani kwenye maktaba yako mtu mmoja ameandikwa kwa namna mbili. Panga maktaba kwa safu ya mwandishi, utawaona wamepangana. Na majina yaliyoingia yote kwa herufi kubwa, kama tunavyopenda kwenye memwari zetu, yaandike upya, mtindo hauyapunguzi.

Ruashi_doc (Lubumbashi)

Naongezea kuhusu vichwa. Kwa italiki ya samaki, andika ndani ya kisanduku cha kichwa `<i>Limnothrissa miodon</i>`, pamoja na alama zenyewe, Zotero itazigeuza. Vichwa vya makala viweke kwa herufi ndogo, neno la kwanza la kichwa, neno la kwanza baada ya nukta mbili na majina maalumu tu yakianza kwa kubwa. Ukibofya kichwa kwa kitufe cha kulia kuna amri inayofanya hivyo, ila usiiamini kwa macho yaliyofumbwa: hakikisha Kivu na Tanganyika hazikushushwa. Kisha andika `fr` kwenye kisanduku cha lugha kwa kila rejeo la Kifaransa, la sivyo mtindo unaweza kutia herufi kubwa kila neno kwa desturi ya Kiingereza.

Kwa kuwa makala yenu ni ya Kiingereza, kichwa cha Kifaransa kinabaki kama kilivyo, na tafsiri yake inafuata katika mabano ya mraba. Iingize humo humo kwenye kisanduku cha kichwa.

Memwari: chagua aina ya tasnifu, si kitabu. Iliyo kwenye rafu tu inataka, baada ya kichwa cha italiki, mabano ya mraba yanayosema ni kazi ya ngazi gani na kwamba haijachapishwa, halafu jina la chuo nje ya mabano. Iliyowekwa mtandaoni, chuo kinaingia ndani ya mabano na anwani inafuata. Msitafute DOI ya nguvu. Kwa makala, bandikeni orodha kwenye ukurasa wa Crossref (shirika linalosajili DOI) wa kutafuta DOI kwa maandishi, kisha fungueni kila moja na kulinganisha kichwa. DOI inayofungua makala nyingine ni mbaya kuliko kukosa DOI.

Ibanda_K

Aksanti sana. Mwenzangu wa Uvira anatumia LibreOffice badala ya Word. Nikimtumia faili, anaporudisha marejeo yamekufa, Zotero haiyatambui tena.

Katindo_2

Kwenye mapendeleo yale yale chagua marejeo yahifadhiwe kama alamisho (bookmarks), na faili ibaki .docx. Huo muundo unasomeka pande zote mbili, isipokuwa marejeo yaliyo ndani ya tanbihi. Lakini alamisho huvunjika mtu akihariri ndani ya mabano ya rejeo, basi mwambie asiyaguse.

Ruashi_doc

Mimi naona alamisho ni hatari kwa waandishi wengi. Afadhali mmoja tu ashike Zotero. Wengine waandike maoni pembeni.

Kabla ya kutuma, bofya kila rejeo ndani ya matini. La Zotero linakuwa na kivuli cha kijivu; lisilo na kivuli liliandikwa kwa mkono, na huenda halimo kwenye orodha. Halafu tengeneza nakala ya faili, na kwenye nakala hiyo, si kwenye faili mama, kata viungo vya Zotero. Hapo ndipo mkono unaruhusiwa: kwa mfano tafsiri ya kichwa cha kitabu, ambayo itakuwa imelala italiki pamoja na kichwa na inatakiwa isimame wima. Faili mama itunze, maana wahakiki watataka marejeo mengine.