Kwa nini wilaya inaitwa Tendring wakati mji mkubwa ni Clacton? Na nani anafanya nini humu?

mgeni_pwani

Wakuu habari za jioni, naomba msaada hasa kwa nyie mlioko Uingereza siku nyingi. Nimehamia Clacton-on-Sea, kule Essex pwani, kwa kazi ya kea, nimepanga kaflati sio mbali na gati. Sasa imekuja bili ya kodi ya kaunsili, juu imeandikwa Tendring District Council kwa maandishi makubwa, nikasema haya ndo hawa wanaochukua, kushuka chini nakuta hela imegawanywa, kuna Essex County Council, kuna polisi, kuna zimamoto, na hao Tendring wenye jina juu wanabaki na kasehemu kadogo tu. Mwenzangu kazini anakaa Brightlingsea, bili yake ina mstari wa ziada wa halmashauri ya mji, mimi huo mstari sina. Wilaya moja bili mbili tofauti, inakuwaje?

Halafu kilichoniacha hoi, nimetafuta Tendring kwenye ramani nikakuta kakijiji, kanisa na mashamba pande zote. Huku Clacton kuna stesheni, hospitali, maduka, watu kibao. Nani aliamua wilaya nzima ichukue jina la kale kakijiji? Na shimo la barabarani linaripotiwa kwa nani, maana ofisi za wilaya ziko hapahapa Clacton ila nasikia barabara sio zao. Mwenye kujua historia ya huku amwage yote, kesho niko off nitasoma hadi mwisho.

Kipanga_Mweupe

Karibu sana. Mimi nijibu ya hela, ya historia wapo wenyewe humu wataamka.

Essex ina ngazi mbili, na kwingine zinafika tatu. Kaunti ndo imebeba mzigo: shule, barabara, maktaba, na matunzo ya wazee na walemavu. Hiyo kea unayofanya wewe, mzee asiye na uwezo wa kujilipia analipiwa na kaunti, sasa piga hesabu wazee wako wangapi ukanda huo maana watu wa London wakistaafu wanakimbilia bahari. Ndo maana kaunti inaondoka na zaidi ya nusu ya bili yako. Wilaya inabaki na mapipa ya taka, vibali vya ujenzi, nyumba za kaunsili, fukwe, daftari la wapiga kura, na ndio wanaokusanya kodi kwa niaba ya wote, kwa hiyo jina lao lazima liwe juu hata kama hela inapita tu mikononi mwao. Shimo ripoti kaunti, kwenye tovuti yao unaweka alama kwenye ramani imeisha.

Mstari wa mwenzako ni halmashauri ya mji. Brightlingsea wanayo, Harwich wanayo, Frinton na Walton wana moja kwa pamoja, na vijijini kuna halmashauri za parishi. Clacton pamoja na ukubwa wake wote haina, ipo wazi moja kwa moja chini ya wilaya, kwa hiyo huna wa kumlipa.

Kitu kingine ambacho watu hawaambiwi, kama unakaa peke yako omba punguzo la asilimia 25. Na hiyo herufi kwenye bili, A mpaka H, inatokana na nyumba ingekuwa na thamani gani tarehe 1 Aprili 1991. Ndio, 1991, hawajawahi kuthamini upya England, mwenye H analipa mara mbili ya mwenye D basi, hata kama nyumba yake ni jumba la kifalme.

mzee_wa_ramani

Nimefika. Hili la jina watu wengi hata wenyeji hawalijui, wanadhani ni kaunsili tu iliamka asubuhi ikachagua.

Kijana chukua ramani utaona hapo ulipo ni rasi. Kaskazini mto Stour, magharibi mto Colne, mashariki Bahari ya Kaskazini. Kabla hata ya Wanormani, Essex ilikuwa imekatwa vipande vipande kwa ajili ya mahakama na kodi, kila kipande kikiitwa Hundred, na hiyo rasi ilikuwa Tendring Hundred. Iko mpaka kwenye ule uhesabu mkubwa wa mali wa mfalme William wa 1086. Wakati huo hii Clacton ya gati na taa haipo kabisa, kuna Great Clacton na Little Clacton, vijiji vya ndani. Kwa hiyo swali lako limegeuzwa: jina la Tendring ndo kongwe, Clacton yako ya ufukweni ni mtoto wa juzi.

Jina lenyewe halikufa katikati. Ilipokuja sheria ya maskini ya 1834 parishi zikaunganishwa kuendesha nyumba ya maskini, muungano wa huku ukaitwa Tendring na jengo likajengwa pale pale Tendring. Mwaka 1894 zikaundwa wilaya za vijijini, ikawa Tendring Rural District. Miji ya pwani yenyewe ilikuwa nje ya hiyo, kila mmoja na kaunsili yake: Harwich ni manispaa yenye meya, Clacton wilaya ya mji, Brightlingsea wilaya ya mji, Frinton na Walton waliunganishwa 1934. Kisha Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1972 ikafagia yote, tarehe 1 Aprili 1974 hao watano wakatiwa chungu kimoja.

Sasa jiulize ungeuita mchanganyiko huo jina gani. Ukisema Clacton, Harwich wananuna, wao walikuwa mji wa bahari karne nyingi kabla Clacton haijachorwa. Ukisema Harwich, Clacton wanakwambia sisi ndo wengi. Frinton ndo usiseme kabisa, hao hawakutaka hata baa, baa ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2000! Mimi naona jina la Tendring lilishinda kwa sababu halikumpa ushindi mji wowote, ila hayo ni maoni yangu mzee, msije mkanikaba.

Na Clacton ilizaliwa hivi: Peter Bruff, injinia wa reli, alinunua ardhi ya mwambao ikiwa haina kitu, gati likafunguliwa 1871, watu wanakuja kwa meli za mvuke kutoka London, reli ikafika 1882. Mji ulijengwa kwa ajili ya likizo tangu siku ya kwanza. Butlin, mfanyabiashara wa kambi za likizo, akaweka kambi yake 1938, ikafungwa 1983, na hapo ndo mji ulianza kulegea maana wale waliokuwa wanakuja wiki mbili kila kiangazi wakawa wanapanda ndege kwenda Hispania.

binti_wa_quay

Mzee umegusa Harwich kijuujuu hivyo hivyo tu?? Mimi nakaa Dovercourt, hapahapa Harwich, ngoja niwatetee.

Yule nahodha wa Mayflower iliyopeleka wale wahamiaji Marekani 1620, Christopher Jones, ni mtu wa Harwich na nyumba yake bado imesimama, unapita unaiona. Samuel Pepys yule wa shajara alikuwa mbunge wa Harwich. Kampuni ya reli ya Great Eastern ilifungua bandari ya Parkeston 1883, na mpaka leo meli za kwenda Hoek van Holland zinatoka hapo, ukipata likizo jaribu ile ya usiku unalala unaamkia Uholanzi.

Na kuna la kuumiza moyo. Desemba 2, 1938 meli ilishusha watoto karibu 200 wa Kiyahudi waliotolewa Ujerumani, hilo lilikuwa kundi la kwanza, jumla walikuja Uingereza kama 10,000 kabla vita haijaanza na wengi walipitia hapa. Waliokosa familia za kuwapokea waliwekwa kwenye kambi ya likizo hapa Dovercourt, vile vibanda vya kiangazi, na ilikuwa ni katikati ya baridi. Sanamu ya kuwakumbuka imewekwa bandarini 2022. Watoto wa miaka mitano sita wana namba shingoni, hawajui neno la Kiingereza. Mimi kila nikipita pale natembea polepole.

mgeni_pwani

Aisee asanteni, hii elimu sikuitegemea. Mzee nimecheka hapo kwa Frinton, kuna mteja wangu katokea huko na kweli anaongea kama kaja kututembelea.

Swali la nyongeza, mwenye nyumba wangu kila siku ananitajia Jaywick, mara mafuriko, mara umaskini, mara kaunsili ilitaka kuibomoa. Ni hapo karibu tu na basi. Kuna nini?

mzee_wa_ramani

Jaywick ni somo lenyewe. Mwaka 1928 mfanyabiashara Frank Stedman alinunua ardhi ya kinamasi magharibi ya Clacton akawauzia watu wa London viwanja vidogo vidogo wajenge vibanda vya likizo. Vibanda vya mbao vya kukaa kiangazi, sio nyumba. Mitaa ya Brooklands, kipande kimoja cha Jaywick, imepewa majina ya magari, Bentley, Austin na wenzake, maana wateja walikuwa watu wa gari na wikiendi. Sasa baada ya vita London imebomolewa na mabomu, nyumba hamna, watu wakahamia jumla kwenye vibanda vile. Hakuna mifereji ya maana, barabara ni za watu binafsi kwa hiyo hakuna kaunsili iliyokuwa na wajibu wa kuzitia lami, na ardhi iko chini kuliko bahari ikijaa.

Usiku wa Januari 31, 1953 bahari ikavunja kuta za pwani yote ya mashariki. England walikufa watu 307, na zaidi ya 30 walikuwa wa hapo Jaywick peke yake, wengi wazee, maji yaliwakuta usingizini tena yalitokea nyuma upande wa kinamasi, watu walikuwa wanauchunga ufukwe. Tangu hapo kila kaunsili inayokuja inajiuliza swali lile lile, tuwahamishe au tujenge ukuta? Wenyeji jibu lao ni moja, hatuhami. Na nawaelewa, ni nyumba zao wenyewe, wamezinunua, upande wa pili wa ukuta ni bahari safi kabisa ambayo tajiri angeilipia mamilioni.

Kwenye orodha ya serikali ya maeneo yenye uhitaji England, Jaywick ilishika namba moja 2010, ikashika 2015, ikashika 2019, na 2025 tena. Waandishi wa habari wakiishiwa cha kuandika wanakwenda kupiga picha nyumba ile ile mbovu. Ukienda usiende kama wao, kuna jengo jipya la soko na ofisi linaitwa Sunspot, la kaunsili, limefunguliwa 2023, kunywa chai pale ongea na watu.

Kipanga_Mweupe

Hapo mzee umenena. Naongeza tu kwamba bahari ndo bajeti ya huko, Clacton mpaka Holland-on-Sea wamemwaga mchanga na kujenga vikingo vya mawe kwa pauni milioni 36 miaka ya 2014 na 2015, zaidi hela ya serikali kuu. Fukwe nzuri unazopiga nazo picha zimeletwa na meli.

Na kisa cha kuchekesha maana mmekuwa siriasi sana: Oktoba 2014, wiki chache kabla... hapana, siku chache kabla ya uchaguzi mdogo wa Clacton, Banksy, yule msanii maarufu wa michoro ya ukutani anayeficha jina lake, alichora pale ufukweni njiwa wa kijivu wamebeba mabango wanamfukuza ndege mdogo wa rangirangi, bango moja linasema rudi Afrika. Mtu akalalamika ni ubaguzi, kaunsili ikatuma watu wakasugua ukuta mpaka ukang'aa. Ilipojulikana ni Banksy ilikuwa imeshakwisha, mchoro wa thamani kubwa umeenda na maji ya sabuni 😂😂 wakasema anakaribishwa arudi achore kingine kinachofaa.

soma_kwanza

Mbona hamjamwambia kijana kwamba hiyo wilaya yenyewe inakwenda kufa? Desemba 2024 serikali ilitoa waraka wa kufuta mfumo wa ngazi mbili England nzima. Essex yote ukiweka na Southend na Thurrock kuna kaunsili 15, zote zinavunjwa zinakuja chache kubwa ambazo kila moja inafanya yote, mashimo, mapipa, shule. Mapendekezo yalikuwa ya tatu, nne na tano, na Tendring inatajwa kuwekwa na Colchester. Juu yao meya wa Essex nzima. Mpango ni kuanza Aprili 2028, na uchaguzi wa kaunti wa Mei 2025 waliuahirisha mwaka mzima kwa ajili hiyo hiyo.

Mimi sifurahii. Sawa bili itakuwa fupi na hutauliza shimo ni la nani, ila diwani wako atakuwa anakaa kikao Colchester, na Colchester haijawahi kuamka usiku kuangalia maji yamefika wapi. Ndo maana mji kama Clacton ambao hauna hata halmashauri yake ya mji unatakiwa kufikiria mapema.

binti_wa_quay

Na kwa hilo @mgeni_pwani unayo sauti. Kama paspoti yako ni ya nchi ya Jumuiya ya Madola na una kibali halali cha kukaa hapa unaruhusiwa kupiga kura, diwani na mbunge wote, wengi wetu hawajui wanadhani mpaka uraia. Unajiandikisha mtandaoni, daftari linashikwa na wilaya. Siku ya kura beba kitambulisho chenye picha, na paspoti ya kwenu inakubalika.

mgeni_pwani

Eti?? Mimi nilikuwa naona zile barua za daftari la wapiga kura zinakuja mlangoni naziweka pembeni nadhani ni za mpangaji aliyetoka. Najaza leo leo. Na hiyo 25% naiombea wapi, wilaya au kaunti?

Kipanga_Mweupe

Wilaya. Wao ndo wanakusanya.