Tupeane uzoefu: unatoa mekapu kwa mafuta gani, na ngozi yako imepokeaje?

Nuru wa Tabata
Habari za jioni wapendwa. Jumamosi nilimsimamia mdogo wangu kwenye sendofu, nikapambwa kuanzia saa sita mchana: fandesheni nzito ya kustahimili joto la Dar, kope za bandia na maskara ile isiyotoka kwa maji. Nimerudi nyumbani saa nane usiku, nikajifuta kwa waipsi. Nimetumia nane, nimezihesabu zikiwa zimerundikana kwenye sinki. Asubuhi ngozi ya chini ya macho imekuwa nyekundu, nikinawa maji yananichoma, na foronya nyeupe ina alama ya shavu zima.

Dada mmoja kazini akanishauri mafuta ya nazi. Siku tatu nimekuwa nikinawa uso, napaka mafuta, nafuta kwa pamba, nalala. Sasa kidevu na paji vimejaa vipele. Naomba waliowahi kutumia mafuta wasimulie walivyofanya hatua kwa hatua, na ngozi zao ni za aina gani.

Shangazi wa Chumbageni
Pole mwanangu. Sisi Tanga tumekua na mafuta ya nazi ya nyumbani. Bibi alikuwa anakuna nazi, anakamua tui zito, analiweka motoni mpaka mafuta yanajitenga na mashapo, anayachuja kwenye chupa. Siku ya harusi, watu wakisharudi, alikuwa anatuketisha mkekani anatutoa wanja mmoja mmoja. Anachovya kidole cha pete kwenye mafuta, anakiweka juu ya jicho lililofumbwa, anatulia. Hasugui. Mimi nilikuwa nahesabu mpaka thelathini kimoyomoyo. Kisha anashusha kidole taratibu kufuata kope, wanja lote linakuja nacho. Alikuwa akisema wanja halivutwi, linabembelezwa. Baada ya hapo ni kitambaa cha maji ya moto na sabuni. Kulala na mafuta usoni hatukuruhusiwa, foronya zilikuwa za kudarizi.

Mpambaji Mwenge
Dada Nuru, napamba maharusi, na kila wiki nakutana zaidi na ngozi iliyoharibiwa wakati wa kutoa mekapu kuliko iliyoharibiwa na mekapu yenyewe. Wewe umekosea mahali pawili.

Kwanza, umeanza na maji. Fandesheni ya kudumu na maskara isiyotoka kwa maji zina nta, silikoni na mafuta, zimetengenezwa makusudi ziyakatae maji. Kinachoziyeyusha ni mafuta wenzao. Ukipaka mafuta juu ya uso uliolowa yanateleza tu, hayaifikii mekapu. Mikono iwe mikavu, uso uwe mkavu kabisa. Paka, zungusha vidole polepole dakika moja, pembeni mwa pua na kwenye mstari wa nywele usiparuke. Utaona rangi zote zinachanganyika kuwa tope la kahawia. Hapo mekapu imeachia.

Pili, umeyaacha mafuta usoni. Lile tope ni mekapu, jasho na vumbi la siku nzima, na pamba haiwezi kulimaliza. Mafuta ya kawaida, yawe ya nazi au ya mzeituni, yafute kwa kitambaa laini cha uvuguvugu kisha unawe kwa sabuni laini ya uso. Yale maalumu ya kusafishia uso yana kiungo kinachoyashikanisha na maji. Ukishasugua, lowesha vidole kidogo urudi usoni, yanageuka meupe kama tui, ndipo unasuuza. Wengi wanairuka hatua hiyo ya kugeuka meupe halafu wanalalamika uso unanata. Wajapani wana historia ndefu nayo: Shu Uemura, mpambaji aliyefanya kazi Hollywood, alitoa mafuta yake ya kusafishia mwaka 1967.

Ngozi ya Mafuta
Mimi nazi ilinikataa kabisa, hata nilipokuwa nanawa vizuri. Wiki mbili, vinundu vyeupe mashavuni. Nimehamia kwenye mafuta maalumu yanayosuuzika kwa maji, mwaka wa pili huu, sina shida. Kwa hiyo wanaosema nazi haimdhuru mtu yeyote, hapana. Mwenye ngozi ya chunusi aijaribu kwanza sehemu ndogo karibu na taya, asubiri siku kadhaa.

Mama Twalib
Naongezea kwa Nuru. Angalia vipele vyako vizuri. Vyangu vilikuwa vidogo, vinalingana, vinawasha, vimejaa kwenye paji. Nilidhani chunusi, nikazidisha mafuta. Daktari wa ngozi akaniambia ni fangasi wanaoishi kwenye ngozi zetu na chakula chao ni mafuta, hivyo nilikuwa nawalisha. Kama vinawasha, acha mafuta umwone daktari.

Wa Makambako
Huku kwetu mwezi wa saba mafuta ya nazi yanaganda jiwe, nachota kwa kijiko nayasugua viganjani mpaka yayeyuke. Nimekuja kuyapenda hivyo, hayachuruziki machoni.

Kaka wa Jukwaani
Wanaume nasi tumo. Naigiza jukwaani, napakwa rangi uso mzima. Natumia mafuta ya mgando ya watoto, yale yasiyo na harufu. Yanatoa rangi vizuri ila yanang'ang'ania, nanawa kwa sabuni mara mbili.

Zuu
Wenye kope za kubandikwa moja moja, mafuta yasisogee huko, yanalegeza gundi. Zangu nilizilipia Ijumaa, Jumapili zikawa zinadondoka kwenye sahani. Na wenye lenzi za macho, toeni lenzi kwanza kabla ya mafuta.

Nuru wa Tabata
Asanteni kutoka moyoni. Shangazi, jana nilifanya kama bibi yako kwa maskara tu. Nimekaa na kidole juu ya jicho mpaka thelathini, nikakishusha, nikaona weusi wote uko kwenye kidole na kope zangu zimebaki. Kitambaa cha uvuguvugu, sabuni, nikalala. Leo hapachomi tena. Vipele vya kidevu vinauma nikigusa, vya paji vinawasha. Mpambaji, wiki ijayo kuna harusi yenyewe. Nifanyeje?

Mpambaji Mwenge
Vya paji vipeleke kwa daktari kesho, usisubiri. Mpaka hapo mafuta yasiguse uso, na siku ya harusi mwambie anayekupamba akupake kidogo, maskara iwe ya kawaida inayotoka kwa maji. Usiku ule utanawa kwa sabuni laini tu, na hutahitaji kusugua.