Doa jeusi nyuma ya retina: kusubiri ni salama?

Swali
Mama yangu alikwenda kupimwa miwani, na daktari akaona doa jeusi nyuma ya retina, yaani utando wa ndani unaopokea mwanga, ya jicho la kushoto. Hana maumivu, na anaona vizuri. Ameambiwa arudi baada ya miezi mitatu apigwe picha nyingine, wala hakuna aliyezungumzia kuchukua kinyama cha kupima. Je, kusubiri hivyo si kuipa saratani nafasi ya kukua?

Jibu la kwanza
Pole kwa hofu hiyo, ndugu. Mimi ni daktari wa macho. Mengi ya madoa haya ni mabaka yasiyo na madhara, na ni machache mno yanayogeuka kuwa melanoma, yaani saratani ya chembe za rangi. Kinachotutia shaka ni unene unaozidi milimita 2, maji chini ya retina, rangi ya machungwa juu ya doa, ukingo unaokaribia neva ya jicho, au mgonjwa kuona ukungu na vimulimuli. Dalili hizo zikikusanyika, hatusubiri. Zikiwa chache au zikikosekana, picha na vipimo vya altrasaundi vya leo hulinganishwa na vya baadaye, kwa sababu doa linalokua katika muda mfupi limekwisha kujieleza. Kuhusu kinyama, mara nyingi si lazima: katika COMS, utafiti mkubwa wa melanoma ya jicho uliofanyika Marekani na Kanada, zaidi ya asilimia 99 ya macho yaliyoondolewa kwa kudhaniwa kuwa na melanoma yalithibitishwa kuwa nayo maabara.

Muulizaji
Ahsante sana, daktari. Likikua, ataondolewa jicho?

Jibu la pili
Si lazima. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa, kwa uvimbe wa ukubwa wa kati, waliotibiwa kwa kisahani cha ayodini-125, chenye kutoa mionzi, kinachoshonwa juu ya jicho kwa siku chache kisha kikatolewa, waliishi muda sawa na walioondolewa jicho. Mimi si daktari aliyejibu hapo juu, bali ni mgonjwa niliyetibiwa kwa njia hiyo, na jicho langu lipo, ingawa uwezo wake wa kuona umepungua sana, jambo ambalo mama anastahili kuelezwa mapema. Uvimbe mkubwa mno ndio ambao bado huishia kuondolewa pamoja na jicho. Hata baada ya tiba, ini huchunguzwa kwa miaka mingi, kwani huko ndiko melanoma hii hupenda kusambaa. Kwa sasa, ombeni nakala za picha na unene wa doa kwa milimita, ili daktari yeyote atakayemwona aweze kulinganisha.