Naomba ushauri: neno "kutii" katika Warumi 13 na tasnifu yangu ya uzamili

Mleta mada

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Ninasoma mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya theolojia katika chuo cha Kilutheri hapa Tanzania, na pendekezo langu la utafiti limerudishwa mara mbili. Mada yangu ni utii wa Mkristo kwa serikali katika maadili ya Kiprotestanti. Nilikusudia kuanza na Warumi 13:1–7, nipitie kwa Martin Luther, kisha nifike kwenye Azimio la Barmen la mwaka 1934, tamko la Wakristo wa Ujerumani waliokataa Unazi kuliingilia kanisa, na Waraka wa Kairos uliotolewa Afrika Kusini mwaka 1985 na wanatheolojia waliopinga ubaguzi wa rangi. Msimamizi wangu anasema nimekusanya tasnifu tatu na kuziita moja, na kwamba sina budi kuchagua kati ya ufafanuzi wa Agano Jipya na maadili.

Swali hili sikulitoa vitabuni. Katika usharika niliokulia, maneno "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu" yalisomwa kila waumini walipouliza jambo gumu, hata lililohusu matumizi ya sadaka, na yakishasomwa hakuna aliyethubutu kuendelea. Nilipoanza kusoma Kiyunani nikakuta kwamba Paulo ametumia kitenzi hypotassesthai, ambacho maana yake ni kujiweka chini, na si hypakouein, yaani kutii. Na mamlaka anazozitaja ni za wingi. Je, naweza kuijenga tasnifu juu ya tofauti hiyo bila kulitupa swali la maadili? Na je, Biblia ya Kiswahili yenyewe inaweza kuwa maandishi ya kuchunguzwa, au wasahihishaji watasema huo si utafiti?

Mwalimu wa Agano Jipya

Ndugu, swali lako la mwisho ndilo zuri kuliko yote, na ningekushauri uanzie hapo. Fungua Union Version, ile Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, Waefeso sura ya 5 na ya 6. Katika 5:21 kitenzi hicho hicho cha hypotassesthai kimetafsiriwa "mnanyenyekeana". Mstari unaofuata, ambao katika nakala za kale zaidi hauna kitenzi chake wenyewe bali unaazima cha mstari wa 21, umetafsiriwa "watiini waume zenu". Ukifika 6:1, watoto nao wanaambiwa "watiini wazazi wenu", na hapo Kiyunani kimebadilika na kuwa hypakouete. Nenda sasa Matendo 5:29, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu", ukakute kitenzi cha tatu, peitharchein. Msomaji wa Kiswahili anaona neno moja, "kutii", likipita kote huko, na kwa sababu hiyo Warumi 13 na Matendo 5 zinamjia kama amri mbili zinazogongana. Huo ni utafiti halali kabisa, na ni sisi tunaosoma Biblia hii ambao tunapaswa kuufanya.

Usisahau pia muktadha. Waraka kwa Warumi uliandikwa karibu mwaka 57, na Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anasimulia kwamba mwaka 58 malalamiko ya watu juu ya watoza ushuru yalimfikia Kaisari Nero mwenyewe. Wapo wafafanuzi wanaoiunganisha habari hiyo na mstari wa 7, "mtu wa kodi, kodi, mtu wa ushuru, ushuru". Ikiwa Paulo alikuwa akiwashauri waumini wachache wa mji mmoja juu ya ushuru, basi hatuna haki ya kuigeuza aya hiyo kuwa fundisho kamili la dola.

Mchungaji mstaafu, Kenya

Mwanangu, usikubali kuyaacha maadili. Nilikuwa mchungaji kijana wakati wa kura za mlolongo mwaka 1988, watu walipopiga kura kwa kupanga foleni hadharani nyuma ya wagombea, na niliona kwa macho yangu jinsi sura hiyo ilivyotumika kuwanyamazisha watu waliolala na njaa ya haki. Askofu David Gitari wa Kanisa Anglikana aliupinga mlolongo kwa kufafanua Biblia mimbarani, mstari kwa mstari. Kwake ufafanuzi na maadili havikuwa idara mbili. Mwambie msimamizi wako hivyo, kwa heshima.

Mtafiti wa maadili

Naafikiana na waliotangulia, ila nina onyo moja kwa mleta mada, nalo ni zito. Usiining'inize hoja nzima kwenye kitenzi kimoja. Katika 1 Petro 3:5–6 wanawake watakatifu wa kale wanajiweka chini ya waume zao "kama vile Sara alivyomtii Ibrahimu", na hapo vitenzi vyako viwili vimekaa bega kwa bega kana kwamba ni ndugu. Kwa upande mwingine, Tito 3:1 inavitaja kunyenyekea na kutii kama mambo mawili. Msahihishaji makini atakuuliza juu ya mistari hiyo, tena atakukumbusha jinsi James Barr, mtaalamu wa lugha za Biblia, alivyowakosoa, mwaka 1961, wanatheolojia waliojenga mafundisho juu ya maneno badala ya sentensi.

Njia ya kuvuka kutoka kwenye ufafanuzi hadi kwenye maadili ni kumchagua msomaji mmoja wa Warumi 13 na kuonyesha alivyoisoma. Barmen haitakufaa sana, kwa kuwa tamko lake la tano, linalohusu dola, limetanguliwa na 1 Petro 2:17, si Warumi. Kairos inafaa: inaishutumu "theolojia ya dola", yaani mafundisho ya kuihalalisha serikali ya ubaguzi, kwa kuing'oa Warumi 13 kutoka mahali pake, na inamwelekeza msomaji kwenye Ufunuo 13, ambako dola inaonekana kama mnyama anayempinga Mungu. Lakini mimi ningemchukua Luther wa mwaka 1523, katika kitabu chake juu ya mamlaka ya kidunia. Baadhi ya watawala walikuwa wameamuru nakala za Agano Jipya alilolitafsiri zisalimishwe. Luther akawaambia waumini wasikabidhi hata ukurasa mmoja, ila nyumba zao zikipekuliwa na vitabu kuchukuliwa kwa nguvu, wavumilie na wasipigane. Yaani wasitii, lakini wabaki chini ya mamlaka. Tofauti unayoitafuta katika Kiyunani imo humo ikiwa imevaa mwili, na Matendo 5:29 ameitaja mwenyewe kama mpaka wa mamlaka hiyo.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Habari ya nakala zile sikuwa nimeipa uzito, nami nimekesha nikiisoma upya. Nitawasilisha hivi: "Kutii na kunyenyekea: Warumi 13:1–7 katika Union Version na katika usomaji wa Luther wa mwaka 1523". Kairos naiacha kwa uchungu. Tito 3:1 na 1 Petro 3 nitazikabili katika sura ya pili, kabla sijaulizwa. Kijerumani changu ni hafifu. Je, tafsiri ya Kiingereza itakubalika?

Mwalimu wa Agano Jipya

Kwa uzamili inakubalika, mradi useme wazi katika sura ya mbinu za utafiti kwamba umetumia tafsiri, na vifungu vile vichache vinavyobeba hoja yako uvilinganishe na Kijerumani ukisaidiwa na anayekijua. Ongeza pia Biblia ya Roehl, tafsiri nyingine ya Kiswahili ya mwaka 1937, ili uone kama "kutii" lilikuwamo kabla ya Union Version au liliingia nayo.