Farasi jike na mtoto wake: naweza kuwagawia bomba moja la dawa ya minyoo?

MfugajiMgeni
Wakuu, habari zenu. Mbuzi nimewafuga tangu utotoni, ila farasi ndiyo kwanza nina miezi miwili nao. Ninao wawili: jike na mtoto wake wa miezi mitatu. Mama mtu hana neno. Huyu mdogo ndiye ananiumiza kichwa: tumbo limemtoka kama kibuyu, mbavu nazihesabu, manyoya yamekauka yamesimama, halafu anakohoakohoa. Sihitaji kuambiwa, hiyo ni minyoo.

Nimepata bomba moja la dawa ya jeli, lile la plastiki lenye alama za kilo kwenye mpini. Linatosha kilo 600. Jike namkadiria 450, mtoto 100, jumla 550, kwa hiyo naona linawatosha wote wawili na linabaki kidogo. Likipungua, ninayo ivamektini ya sindano ya ng'ombe na levamisoli ya maji iliyobaki ya mbuzi. Si naweza kumalizia na hizo? Mbuzi wangu nawanywesha kwa kukadiria tu na hajawahi kufa hata mmoja.

MamaZizi
Mdogo wangu, usiguse kitu kwanza. Geuza hilo bomba unisomee jina la dawa yenyewe iliyomo ndani, lile la maandishi madogo. Achana na jina kubwa la biashara.

MfugajiMgeni
Imeandikwa moksidektini, dada. Kwani kuna tofauti?

MamaZizi
Ipo, tena kubwa. Ivamektini farasi hupewa miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito, na mkubwa mwenye afya akizidishiwa kidogo kwa kawaida haimdhuru. Moksidektini ni 0.4 kwa kilo, na hiyo haina msamaha mkubwa. Huwa inajihifadhi kwenye mafuta ya mwili. Mtoto aliyekonda hayo mafuta hana, kwa hiyo dawa inamzidi na kumpanda kichwani: anayumba, mdomo wa chini unalegea, anaweza kuanguka akapoteza fahamu. Kuna lebo zinazoikataza kwa mtoto wa chini ya miezi 4, nyingine miezi 6. Wako ana mitatu na mbavu unazihesabu. Hilo bomba si lake.

Na hata ungekuwa na ivamektini ya jeli, bado ningekuzuia. Tumbo kubwa, kikohozi, umri huo: hayo yananuka ile minyoo mikubwa myeupe ya watoto wa farasi, minene kama penseli. Viluwiluwi vyake hupita kwenye mapafu kabla ya kurudi utumboni, ndiyo maana anakohoa. Miaka ya nyuma nilikuwa na mtoto wa aina hiyo hiyo. Nikampa dawa ya namna hiyo, inayoipooza minyoo yote kwa mpigo, nikalala nikijisifu. Asubuhi nikamkuta anagaagaa, anajitazama ubavuni, jasho shingoni. Minyoo ilikuwa imekufa, ndiyo, lakini imejifunga fundo ikaziba utumbo mwembamba. Hakupona. Daktari alipompasua alinionyesha. Sikuweza kula siku ile.

Kwa hiyo muite daktari wa mifugo amwone kwanza. Mara nyingi kwa hali hiyo huanza na fenbendazoli, maana yenyewe inaua taratibu, lakini uamuzi ni wake baada ya kumpima. Kwenye hiyo minyoo ya watoto, ivamektini siku hizi imeshindwa sehemu nyingi, minyoo imeizoea.

Sindano ya ng'ombe iache kwa ng'ombe. Farasi akichomwa ile anaweza kuoza nyama pale pale ilipoingia. Levamisoli nayo irudishe kwa mbuzi, kwa farasi iko karibu mno na sumu.

Jike naye usimkadirie kwa macho. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Hizo ndizo kilo. Kwa mtoto kanuni hii haifai.

HatamuMkononi
Naunga mkono. Mimi niongeze la kile kipete kwenye mpini. Ukikisogeza hadi kwenye kilo zako, kizungushe mpaka kikaze. Mimi nilisahau, nikasukuma, bomba zima likaingia. Bahati yangu ilikuwa ivamektini na farasi mkubwa. Angalia pia kama mdomoni kuna majani, maana ataitema yote pamoja nayo. Ingiza pembeni pale pasipo na meno, mwaga juu ya ulimi kwa nyuma, mwinue kichwa hadi ameze.

Na mfunge mbwa! Wa jirani yangu, jamii ya Collie, alilamba tone lililodondoka, akatetemeka na kupofuka siku mbili. Kinyesi cha farasi baada ya dawa ni hatari vile vile kwao. Dawa ya kuizimua haipo, mbwa anauguzwa tu hadi imtoke.

MfugajiMgeni
Nimerudi, wakuu. Jike kifua 160, urefu 140. Nimepiga hesabu mara tatu: kilo 302! Na mimi nilikuwa nimeshasogeza kipete hadi 450.

Mtoto tulimpandisha kwenye mizani ya magunia, 78. Daktari akaona mayai ya minyoo tele kwenye darubini, akampa fenbendazoli na kukaa naye hadi jioni akimsikiliza tumbo. Siku ya pili ikaanza kutoka. Dada, ulisema penseli, mimi niliona mmoja mrefu kuliko mkono wangu kuanzia kiwiko. Bado anakula, anacheza.

Kinyesi cha jike nacho kilipimwa: mayai 150 kwa gramu. Daktari kasema chini ya 200 asipewe kitu kwa sasa, niokote tu samadi malishoni mara mbili kwa wiki. Mtoto anapimwa tena siku ya 14. Bomba liko kabatini, limefungwa, sijalifungua hata kifuniko.