Lenzi ya kukuzia yenye taa kwa ajili ya stempu, nichukue ipi?

mtoto_wa_ilala

Wadau habari zenu. Nimeachiwa albamu za stempu na marehemu baba mkubwa, nyingi ni za Kenya Uganda Tanganyika enzi za mfalme George wa tano na wa sita, zipo za Zanzibar zile za India zilizogongwa neno Zanzibar juu yake, na wale samaki wa Tanzania wa 1967 wamejaa tele. Nataka nizikague moja moja kabla sijazipanga upya ila kwa macho matupu sioni kitu. Nimepita Kariakoo nimekuta lenzi zenye taa za kila namna, kuna zenye mpini zimeandikwa 30x, kuna vidogo vya kukunja wanavyotumia masonara, kuna ya kuvaa kichwani kama ya mafundi simu, na kuna vimaikroskopu vya kuchomeka kwenye simu eti 1000x. Nikimuuliza muuzaji anasema zote nzuri kaka, chukua tu. Nisaidieni, ipi inafaa kwa stempu?

mzee_wa_upanga

Kwanza pole kwa msiba na hongera kwa urithi, hivyo vitu utunze kijana wangu.

Achana kwanza na hizo namba zilizoandikwa kwenye boksi. Lenzi ya 10x ya kweli inaona vizuri ukiwa umeisogeza milimita 25 hivi kutoka kwenye stempu, ya 5x milimita 50, ndivyo fizikia yake ilivyo, kadiri inavyokuza zaidi ndivyo inavyotaka kusogea karibu na ndivyo kioo chake kinavyokuwa kidogo. Kwa hiyo ukiona lenzi pana kama kiganja imeandikwa 30x ujue haiwezekani, hiyo ni 2x au 3x, inafaa kusomea gazeti. Pima hapo hapo dukani, weka juu ya noti uanze kuinyanyua taratibu, kama bado inaonyesha safi ukiwa umbali wa shubiri basi siyo 10x.

Kwa stempu unahitaji vitu viwili tu. Moja ya 3x hadi 5x yenye kioo kipana kidogo ya kupitisha ukurasa mzima haraka, uone meno yaliyokatika, mikunjo, mihuri. Na moja ya 10x ya kukunja ya kuingia ndani ya mchoro. Hiyo ya 10x tafuta yenye vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja maana ya kioo kimoja inatoa rangi rangi pembeni na mistari inapinda, utadhani stempu ina kasoro kumbe kasoro iko kwenye lenzi. BelOMO ya Belarus ni nzuri na bei yake siyo ya kutisha, japo haina taa. Zaidi ya 10x kwa stempu ni nadra kuhitaji, unaanza kuona nyuzi za karatasi badala ya mchoro.

Sasa taa, hapa ndipo watu wengi hawaangalii na mimi naona ndiyo jambo kubwa kuliko ukuzaji wenyewe. Hizi lenzi nyingi zina taa za LED zimezunguka kioo, mwanga unashuka wima, kila kitu kinaonekana bapa. Mkunjo mdogo, sehemu iliyokwanguliwa, jino lililobandikwa upya, vyote vinapotea. Zima hiyo taa, chukua tochi uilaze pembeni kabisa mwanga upite juu ya karatasi, utaona mkunjo unatoa kivuli na wino wa zile stempu zilizochapwa kwa bamba la kuchonga umeinuka kidogo juu ya karatasi. Kwa hiyo nunua yenye swichi ya kuzima taa, zile zinazojiwasha kila ukifungua na huwezi kuzima ziache. Na rangi usiamue kamwe kwa LED, nyingi zina ubluu, stempu ya waridi na ya wekundu wa damu ya mzee zinafanana. Rangi angalia dirishani asubuhi, mwanga wa kivulini siyo jua la moja kwa moja, jua linachujua stempu.

mtoto_wa_ilala

Shikamoo mzee, nashukuru mno. Sasa hiyo 10x kwenye hizi za KUT, yaani Kenya Uganda Tanganyika, nitafute nini hasa? Na za Zanzibar nasikia feki ni nyingi.

mzee_wa_upanga

Marahaba. Anza na senti 5 ya 1935, ile ya jahazi Ziwa Victoria, nyeusi na kijani. Ziko za aina mbili, angalia kamba ya upande wa kushoto, kwenye moja kamba haigusi tanga na kwenye nyingine inagusa. Kwa macho ni kitu kile kile, kwenye 10x ni wazi kabisa, na katalogi ya Stanley Gibbons, kile kitabu cha Waingereza cha orodha na bei za stempu, inazitenganisha kwa namba na kwa bei.

Za Zanzibar za 1895 na 1896 kweli zimeghushiwa sana, hasa zile za makosa kama Zanzidar, yaani mtu anachukua stempu ya India ya kawaida iliyokwisha tumika anagonga neno juu. Tafuta mahali ambapo herufi imekutana na muhuri wa posta. Neno lilitangulia, muhuri ukafuata, hivyo wino wa muhuri unatakiwa uwe juu ya herufi. Ukiona herufi imepanda juu ya muhuri hiyo weka pembeni. Vyote ni vyeusi kwa hiyo mwanga wa wima hauonyeshi, geuza tochi pembeni uzungushe stempu taratibu kwa kibano. Na angalia kingo za herufi kwa 10x, linganisha na ambayo una hakika nayo.

fundisaa_kisutu

Naongezea kwa upande wa betri maana naletewa hizi lenzi kila mara. Nyingi zinatumia betri za saa, LR1130, LR44 au CR2032. Kabla hujalipa fungua mfuniko uone ni ipi, CR2032 ndiyo rahisi kupata mtaa wowote na inakaa muda mrefu. Na usipoitumia toa betri, kwa joto la Dar zinavuja chumvi inakula waya, lenzi nzima inakufa. Kioo nacho kinaota ukungu ukiacha kwenye droo yenye unyevu, weka vile vipakiti vya viatu vya kunyonya maji kwenye kopo moja na lenzi, na albamu pia, gundi za nyuma ya stempu hazipendi hewa ya huku kwetu.

Ya kichwani ya mafundi simu siyo mbaya kaka, inakuachia mikono miwili huru kwa kibano, ila ukuzaji wake mdogo, ichukulie kama ile ya kupitisha ukurasa.

wakala_sinza

Mi nina ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti, inaweza kufanya kazi kwenye stempu? Nyingine zimejengewa humo humo kwenye lenzi.

mzee_wa_upanga

Inaweza kwa sehemu. Nyingi za bei rahisi ni nanomita 395, hicho ni kipimo cha wimbi la mwanga, zinamwaga zambarau nyingi ya kuonekana inayofunika unachotafuta. Ukipata ya 365 ni bora zaidi, karatasi iliyotiwa dawa ya weupe inang'aa bluu na karatasi ya zamani inabaki giza, kwa hiyo stempu inayodaiwa ni ya mwaka wa 1935 ikiwaka kama shati jipya jiulize. Sehemu iliyozibwa au kubandikwa nayo mara nyingi inatofautiana. Ila usiiangalie hiyo tochi machoni, na fanya kwenye chumba cha giza.

mtoto_wa_ilala

Basi nimeelewa, naanza na ya 10x yenye swichi na betri ya CR2032, ya kichwani nitaazima kwa jirani fundi simu. Jumamosi naenda Kariakoo na noti mfukoni ya kupimia umbali, nikiipata napiga picha ya hiyo kamba ya jahazi naiweka hapa.