Naombeni ushauri: projekti ya virobo vya sumaku vya kupima virusi, niache ama nikomae?

Kijana_Mbarara: Habari zenu wakubwa. Niko mwaka wa mwisho, uhandisi wa vifaa vya hospitali. Kuna watu wa chuo kikuu cha UCLA kule Marekani, 2022 walitoa kazi yao kwenye jarida la Nature, wana visahani vya sumaku vya milimita chache tu vinatembea juu ya bodi imejaa koili (waya za mzunguko zinazokuwa sumaku umeme ukipita), koili ikiwashwa kisahani kinaifuata, na tone la sampuli lenye chembe za sumaku linakifuata kisahani hadi kwenye dawa hadi kwenye joto, hivyo ndo walipima Korona. Sasa mimi nakumbuka mwaka huohuo Ebola aina ya Sudan ilipoingia Mubende hapa Uganda, sampuli lazima ifike UVRI, maabara ya taifa ya virusi kule Entebbe, ndo ujue, nikawaza mbona hiki kitu kisikae hospitali ya wilaya? Supavaiza anasema ni kubwa mno kwa mwanafunzi. Nisaidieni.

Mama Maabara: Mwanangu usiache, ila punguza. Ebola toa kabisa kichwani, hiyo si ya benchi la chuo, itaua watu. Anza na maji yenye rangi, tone moja litoke hapa lifike pale bila kukatika, likirudia kila mara bila kosa ndo uende kwa DNA ya kutengenezwa ambayo haiambukizi mtu. Ukitaka kugusa sampuli za wagonjwa kuna kamati ya maadili na UNCST, lile baraza la taifa la sayansi na teknolojia, hao ukichelewa kuwaandikia mwaka unaisha hivihivi.

Koili256: Mama kasema kweli. Mimi naongeza, koili zinachemka sana bro, usiwashe zote, washa ile ya mbele ya kisahani tu halafu zima. Tone dogo linakauka haraka, lifunike na mafuta. Na PCR, ile njia ya kuzidisha DNA ya virusi ili ionekane, achana nayo, joto linapanda linashuka kila mara, tumia LAMP, nayo inazidisha DNA, ile Wajapani walitoa 2000, inakaa kwa nyuzi 65 hapohapo mpaka mwisho, hita ndogo na betri ya sola inatosha.

Mzee wa Fort: Vijana, GeneXpert, zile mashine za kupima TB na virusi, zipo tayari hadi vituo vya huku kwetu. Shida kubwa tunayoiona ni katriji (kile kikopo cha dawa cha kipimo kimoja) kuisha na friji kuzima umeme ukienda, kirobo hakileti dawa wala hakipozi friji. Hiyo lazima uijibu kwenye proposo yako.

Kijana_Mbarara: Asante mzee, hapo umenigusa. Nadhani jibu ni tone lenyewe, likiwa dogo dawa inayotumika ni kidogo, kwa hiyo chupa moja inapima wengi, halafu wale UCLA walichanganya sampuli za watu kadhaa kwenye kipimo kimoja, ikitoka hasi wote wameshapona foleni.

Mama Maabara: Sawa, lakini kuchanganya kunafaa ugonjwa ukiwa haba, ukishasambaa kila mchanganyiko unatoka chanya unarudia wote mmojammoja, hasara. Na kama LAMP yako ni ile ya kugeuka pinki kwenda njano angalia mate, mengine yana asidi yanageuza rangi hata bila virusi. Weka tone la kulinganishia kila mara. Ukimaliza mchoro wa bodi ulete hapa tuuone.

Kijana_Mbarara: Nauleta wiki hii mama. Koili256, koili nizungushe waya kwa mkono ama nichoreshe kwenye bodi moja kwa moja?

Koili256: Chora kwenye bodi, za mkono hazitalingana na kisahani kitakwama katikati.